Mdogo wangu kagongwa kichwa mechi ya ndondo, kaniapisha nisimwambie mtu

Shikamoo anti,

Naomba usiweke jina langu wala mtaa, Mwanza watu wa mpira wanajuana sana.

Mi ni dada wa miaka 29, nauza dagaa na samaki wa kukaanga, mzigo nachukua pale Mwaloni Kirumba. Naishi na mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, alikuja kwangu baada ya kumaliza form four, mama yupo Sengerema na baba alishafariki. Dogo ni straika, na sisemi kwa sababu ni damu yangu, ila anajua. Timu za ndondo huku Ilemela na Nyamagana wanamgombania, wanampa nauli na hela ya soda, siku nyingine mpaka viatu. Katikati ya wiki anaendesha boda ya mtu, deiwaka.

Sasa jumapili ilipigwa kona, yeye na beki wakaruka pamoja, kichwa cha yule beki kikaja kikaingia hapa kati ya pua na jicho. Akadondoka. Mi nilikuwepo pembeni nauza karanga na maji. Wengine wanasema alizima wengine wanasema hakuzima, nilichoona mimi kwa macho yangu kalala chali mikono imekakamaa imenyooka juu hivi, kama sekunde kadhaa, alafu akalegea akafumbua macho. Wakammwagia maji, kocha akamuuliza uko poa? akasema niko poa, wakamwekea pamba puani akarudi ndani. Na akafunga goli anti! Watu wakambeba juu juu. Usiku tunakula ananiuliza hivi leo tulitoka ngapi ngapi. Nikajua ananitania.

Kesho yake akatapika asubuhi mara moja, tukaenda zahanati moja hapa jirani wakampiga picha ya pua wakasema hamna ufa, wakatupa diklofenaki tukarudi. Mama nilimwambia tu kagongwa kidogo akasema nimkande na maji ya moto, nikamkanda.

Leo alhamisi. Kichwa kinauma kila siku na jioni ndo kinazidi, mwanga wa taa hautaki, jirani akiwasha spika anataka kupigana, na yeye ni mtu mpole huyu. Chini ya jicho pamekuwa peusi, shavu upande huo anasema kama lina ganzi, pua imeziba. Juzi nimempa mzigo wa dagaa apeleke stendi ya Nyegezi kwenye basi, akanipigia yuko njiani kwenye pikipiki ananiuliza dada nilikuwa naenda wapi. Nilisikia baridi.

Shida yenyewe hii hapa. Baba mdogo kamtafutia majaribio, kuna skauti wa timu ya vijana ya klabu moja ya Dar anakuja jumamosi ya wiki ijayo. Baba mdogo kakopa kwenye kikoba kwa ajili ya hili jambo, kuna hela imeshatoka. Dogo kaniambia dada ukimwambia baba mdogo au kocha umenizika, akaniapisha kwa jina la marehemu baba, na mimi nikaapa. Anasema majaribioni atavaa barakoa kama Osimhen, yule straika wa Nigeria. Wenzake wanasema mchezaji asiyegongwa sio mchezaji. Mama nae kashasikia ile habari ya mikono kukakamaa anasema wamemroga, nimpeleke Sengerema kwa mtaalamu.

Nikisema nimevunja kiapo na nimemuharibia maisha, nikinyamaza naogopa. Silali. Nisaidie anti.

Dada wa Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeiruka foleni, kuna wenzako wanasubiri toka mwezi uliopita watanisamehe, lakini yako ina siku ndani yake na siku zinaenda. Mi si daktari, ni mtu wa kusikiliza, ila ya kichwa nimeuliza wanaojua kabla sijakaa kukujibu.

Kabla hatujaongelea kiapo wala baba mdogo. Kama tokea uandike dogo ametapika tena, au kichwa kinazidi kuuma kila ukimuangalia, amekuwa mgumu kuamka, anaongea vitu havieleweki, anaona vitu viwili viwili, mkono au mguu umeishiwa nguvu, shingo inauma, amepatwa na kifafa, au puani ama sikioni kunatoka maji maji meupe kama maji ya kunywa, hapo barua yangu iweke pembeni, shika taxi nenda Bugando au Sekou Toure hata iwe saa nane usiku. Hayo hayangoji mtu apewe ruhusa na mtu. Na isiwe boda, tena anayoendesha yeye!

Haya, kama hakuna hayo, tukae tuongee.

Nilivyokuelewa, umebanwa na kiapo upande huu na kichwa cha mdogo wako upande huu, na katikati kuna hela ya kikoba na jumamosi ya wiki ijayo. Na unahisi ukisema ndoto yake inakufa, ukinyamaza labda yeye ndo anaumia. Ni mzigo mkubwa, tena umeubeba peke yako, mama umemwambia nusu, baba mdogo hujamwambia, dogo mwenyewe anajifanya mzima. Usishangae huna usingizi.

Ila kuna vitu kwenye barua yako nataka tuviangalie tena wote wawili, taratibu.

Cha kwanza ni hicho cha alizima au hakuzima. Mmebishana hapo mtaani kama vile ndo jibu la kila kitu, lakini ubongo unaweza kutikisika vizuri tu na mtu hajazimia hata sekunde, walio wengi hawazimii. We umeniambia vitu vizito kuliko kuzimia na hukujua: mikono kukakamaa pale chini, na kuuliza matokeo ya mechi aliyofunga goli yeye. Ile mikono ndo waliyomtafsiria mama kuwa ni uchawi, lakini kwa madaktari wa michezo ni alama inayojulikana kabisa, ubongo umepigwa shoti ukatuma amri zisizo na mpango. Mchezaji akionyesha hiyo hatakiwi kurudi uwanjani siku hiyo hata afunge mangapi.

Na hilo la kucheza bila kujijua si la kwenu tu. Fainali ya kombe la dunia 2014, Ujerumani na Argentina, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer aligongwa usoni akaendelea kucheza karibu robo saa nzima, mpaka alipomfuata refa akamuuliza hivi hii ni fainali? Refa ndo akashtuka. Dunia nzima inaangalia, madaktari wamejaa pembeni, na bado ilipita. Sasa kocha wenu wa ndondo mwenye chupa ya maji simlaumu sana, ingawa "uko poa?" sio swali la kumuuliza mtu aliyegongwa kichwa, kila mchezaji atasema niko poa. Maswali ni tuko uwanja gani leo, hiki kipindi cha ngapi, nani kafunga la mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani. Akikwama moja tu, nje. Hata akijibu yote ila unamuona hayuko sawa, nje vilevile. Kuanzia 2024 sheria za soka zimeruhusu mashindano yaweke sabu ya ziada kwa ajili ya mtu aliyegongwa kichwa, ndo ujue wenye mpira wao wenyewe wamelichukulia serious.

Cha pili ni ile picha ya zahanati. Ilikupa moyo, naelewa. Lakini ile ilikuwa picha ya mfupa wa pua, haikuangalia kichwa, na hata angepigwa CT scan yenyewe ya kichwa mara nyingi mtikisiko hauonekani, sababu kinachovurugika ni utendaji wa ubongo, sio kwamba kuna kitu kimepasuka. Scan ni ya kutafuta damu na ufa. Kwa hiyo "picha safi" haijibu kwa nini anauliza njia ya Nyegezi.

Na kuna kitu picha ya pua haionyeshi kabisa, damu kujikusanya ndani ya pua, kwenye ule ukuta wa katikati. Pua inaziba, ndani panakuwa pamevimba laini, ikikaa siku kadhaa bila kutolewa ule mfupa laini unakufa na pua inabonyea, au panatunga usaha. Lazima mtu amulike tochi ndani aone, je pale walimulika? Ukisema pua bado imeziba mpaka leo mimi hapo nakuna kichwa. Alafu shavu kuwa na ganzi na weusi chini ya jicho, inawezekana ni uvimbe tu, inawezekana pia mfupa wa shavu au ule wa chini ya jicho umepata ufa na mshipa wa fahamu unaopita hapo umebanwa. Kuna vitu unaweza kumuangalia hata nyumbani, mwambie afuate kidole chako kwa macho juu, chini, pembeni, bila kugeuza kichwa, kama jicho moja linagoma kwenda juu au anaona vidole viwili, hiyo ni leo leo hospitali. Muulize akifunga mdomo meno yanakutana kama zamani? Na mpaka aonwe asipenge kamasi kwa nguvu, hewa inaweza kuingia kwenye ufa jicho likavimba ghafla. Kama pua imekaa upande, wanairudisha kirahisi ndani ya kama wiki mbili za mwanzo, ikishashika inakuwa operesheni. Hii mwambie, vijana hao sura wanaijali.

Maji ya moto usijilaumu, nchi nzima tunakanda. Siku mbili za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na we mtu wa Mwaloni barafu huna shida nayo. Diklofenaki muulize daktari, kwa kichwa kilichogongwa siku za mwanzo wengi wanapendelea paracetamol kwa kuogopa damu kuvuja. Pombe hapana.

Cha tatu ni Osimhen. Dogo kasema kweli nusu. Osimhen alivunjika mifupa ya uso Novemba 2021 akiwa Napoli, akafanyiwa upasuaji, akakaa nje mpaka Januari 2022, ndo akarudi na barakoa. Yani barakoa ilikuja baada ya kutibiwa na kupumzika, haikuja badala yake. Na inalinda mfupa tu, ubongo unatikisika ndani ya fuvu kama kawaida hata uvae sufuria.

Mi mfano wa mdogo wako namuona zaidi kwa Jan Vertonghen, beki wa Ubelgiji. 2019 nusu fainali ya Champions League, Tottenham na Ajax, aligongana pua zikatoka damu, wakahangaika na pua, akarudishwa ndani, dakika chache baadae akatolewa anayumba hawezi kusimama. Baadae alikuja kusema aliteseka na kizunguzungu na kichwa miezi tisa, na aliendelea kucheza kimya kimya kwa sababu mkataba ulikuwa unaisha na alitaka kujionyesha. Unaona inavyofanana? Na mwenyewe alisema kiwango chake kilishuka kipindi hicho.

Hapa ndo nataka nikuulize swali ambalo barua yako imelipita. Umeandika kana kwamba siri inalinda majaribio. Inalinda kweli? Mtu ambaye mwanga unamuumiza, anasahau njia, jumamosi ya wiki ijayo saa tisa jua la Mwanza lile, skauti anamuangalia kwa mara ya kwanza, mpira unakuja anachelewa nusu sekunde. Skauti haandiki "huyu kagongwa kichwa", anaandika "mzito". Na imeonekana wachezaji wanaorudi baada ya kugongwa kichwa wanaumia zaidi hata miguu, magoti, vifundo, maana mwili haujibu haraka. Bado sijasema kugongwa mara ya pili kabla ya kupona. Kuna hali, ni nadra lakini ipo na inawapata zaidi vijana wa umri wake, ubongo unavimba ghafla na dakika chache mtu anaondoka. Sikuambii ili uogope zaidi, umeshaogopa vya kutosha, nakuambia ili ujue unachopima kwenye mzani.

Sasa njia ulizonazo. Ya kunyamaza ipo, na nakuelewa kwa nini inavutia, kuna uwezekano dalili ziishe zenyewe, wengi wanapona ndani ya wiki mbili mpaka mwezi wakipumzika vizuri. Neno ni wakipumzika. Yeye yuko barabarani na boda. Na hapo, mwanangu, ndo siri yenu inapotoka nje ya nyumba, kwa sababu abiria anayembeba kutoka Buzuruga hajaapishwa na mtu. Kama kuna kitu kimoja cha kukisimamia kuanzia leo hata kabla hujaamua mengine, mi ningefikiria hiyo pikipiki irudi kwa mwenyewe kwa wiki kadhaa. Najua ni hela ya kula. Ila ongea nae hilo peke yake, usilichanganye na majaribio, anaweza kulikubali haraka.

Njia nyingine ni kuanza na yeye mwenyewe. Ana miaka 19, mtu mzima, na inaonekana anakuamini kuliko wote. Asubuhi kichwa kikiwa chepesi, sio jioni ana hasira, mwambie sijamwambia mtu, lakini nimeapa kukutunzia siri, sikuapa kukuangalia unaharibika, twende hospitali mimi na wewe. Kiapo chako kilimtaja baba mdogo na kocha. Daktari hayumo! Sichezi na jina la marehemu baba yako, najua lina uzito, ila jiulize na wewe, baba yenu angesikia ile simu ya Nyegezi angekuambia nini? Hatari ya njia hii ni akatae, au akubali alafu akifika mbele ya daktari aanze niko poa. Ndio maana ingia nae ndani, uwe umeandika kwenye simu siku ya mechi, mikono, kutapika, kusahau, vyote. Hela ikiwa tatizo ulizia ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitali.

Akienda, majibu ya daktari yanaweza kukutoa kwenye kona, maana anayesema hachezi anakuwa daktari, sio dada. Kawaida watamwambia siku moja mbili za kupumzika, simu apunguze, alafu kutembea, kukimbia taratibu, kugusa mpira bila kugombania, kila hatua angalau siku nzima na dalili zikizidi anarudi nyuma, vichwa na kugongana ni mwisho kabisa tena kwa ruhusa. Uingereza kwa wachezaji wa kawaida wa mitaani mwongozo wao wa 2023 unasema hakuna mechi kabla ya siku ya 21. Hesabu toka jumapili ile mpaka jumamosi ya majaribio ni siku 13, na mdogo wako hata dalili hazijaisha.

Baba mdogo sasa. Unamjua kuliko mimi. Ni mtu wa kufoka alafu anaelewa, au ni mtu wa kudai hela yake mpaka kaburini? Kama ni wa kwanza, inawezekana yeye ndo mwenye namba ya skauti na yeye ndo anaweza kuomba dogo aangaliwe siku nyingine, na maombi hayo yakija leo na karatasi ya hospitali yanaonekana ya watu waliojipanga, yakija ijumaa usiku yanaonekana ya kukwepa. Skauti anaweza kukataa, hilo sikufichi, hawa watu wana ratiba zao. Kama ni wa pili, kumwambia kabla dogo hajakubali kunaweza kuwasha moto mkubwa ndani ya ukoo na dogo akakimbia kwako, akaenda kuishi na hao wenzake wanaosema kugongwa ndo uchezaji, na hapo hutakuwa unamuona hata akitapika. Hilo lipime vizuri. Pengine kuna mtu wa katikati, shangazi, mjumbe, mchezaji wa zamani hapo mtaani aliyewahi kucheza timu kama Toto au Pamba ambaye dogo anamheshimu, wa kuongea nae kabla. Muulize dogo mwenyewe, ukiniruhusu nimwambie mtu mmoja tu, ungemchagua nani? Jibu lake litakuambia mengi kuliko haya yangu yote.

Na wewe jiulize kitu kimoja, ukiwa peke yako. Hofu yako ya kusema ni ya kiapo, au kuna sehemu na wewe ulikuwa umeshaanza kuona Dar itawatoa wote kwenye maisha haya? Sio dhambi. Nauliza tu kwa sababu mtu akijua anaogopa nini anaongea vizuri zaidi.

Mama usigombane nae, mwambie ukweli wote kwanza, nusu uliyompa ndo imejazwa na uchawi. Akisikia kuna daktari anamuona labda atatulia, akitaka kuomba aombe. Ila safari ya Sengerema ingoje hospitali ipite.

Ukienda beba ile picha ya pua na vile vidonge alivyomeza. Alafu niandikie, hata mistari miwili, nijue shavu limesemwaje na dogo amemtaja nani.

Anti